Kadena za Tantine Albertine

Feza hakunisalimia. Alikuwa ametoka Kindu, safari ya kuchosha kabisa, akaingia kwenye ua wa matanga na vumbi la njia bado liko kwenye kitambaa chake cha kichwa. Aliponiona nimekaa na bamama wengine kwenye viti vya plastiki, alinijia moja kwa moja, akaniinamia sikioni na kusema, "Vero, alijua." Nikamjibu, "Hakujua." "Wallahi alijua!" "Feza, tumemuzika jana, na leo weye unaleta mabishano?" Ndipo tukakumbatiana, tukalia, na katikati ya kulia kicheko kikatutoka, maana ni miaka mingi tunabishana jambo hilo hilo, kwa simu, kwa salamu za wasafiri, na kila tulipoonana uso kwa uso. Hata dau tuliliweka tukiwa bado wasichana: siku ukweli utakapojulikana, atakayeshindwa atampondea mwenzake lituma, yaani ndizi za kuponda, sufuria nzima, kwa mkono wake mwenyewe. Sasa Tantine Albertine, mwenye kujua jibu, amekufa. Bamama wakatutazama vibaya kidogo, wakidhani uchungu umetupanda kichwani.

Habari za utoto wangu Yanonge nitaziacha, hazina la ajabu. Ninaanzia siku niliyoshuka kwenye boti hapa Kisangani, msichana mwenye mifupa mirefu na nguo moja ya maana, nikapokelewa na Tantine Albertine, dada mdogo wa papa, baba yangu. Alikuwa na depo pale bichi, yaani mahali boti za mto zinapotia nanga. Ilikuwa nyumba ndefu ya mbao na mabati, yenye milango iliyotazama mto, na kila mlango una kufuli kubwa la shaba linaloning'inia nje. Sisi huku tunaita kadena. Bamama wa biashara waliotoka Barumbu, Isangi na kwingine walimwachia humo samaki wa moshi, mchele na mihogo mikavu mpaka boti yao ipate zamu ya kuondoka. Mimi nilikuja kwa sababu moja tu: nilitaka kushona. Mama Zaina, mama yake Feza, alikuwa na cherehani barazani kwake, hatua chache kutoka bichi, na alikubali kunifundisha kila alasiri. Yanonge wakati ule hakukuwa na cherehani ambayo ningeruhusiwa hata kuigusa.

Tantine hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Tulikula kwanza, pondu na kwanga, nakumbuka vizuri kwa sababu alinitazama jinsi ninavyokula. Kisha akanitoa nje na kunionyesha kadena zake moja moja. Lile la mlango wa mwisho lilikuwa na kovu la msumeno, kama kidole kilichokatwa kikapona vibaya, kwa sababu siku moja lilikataa kufunguka, fundi akaitwa, akaanza kulikata, na katikati ya kazi likafunguka lenyewe. "Hapa mvua inakuja na pembeni," akasema. "Ukungu ya mto inaingia kila asubui. Kadena inakufa haraka. Mama wa watu akikosa boti sababu ya mulango yangu, kesho anapeleka mizigo kwa mwingine, na sisi tunakula nini? Donc, kazi yako ni hii. Ninakupa mwaka moja. Kadena zikifunguka, unabaki, unashona. Nikiita mutu ya msumeno hata mara moja tu, unarudi Yanonge na boti ya kwanza. Tumeelewana?" Nikasema ndiyo, Tantine. Akaniletea dawa yake: chupa ya mawese na unyoya wa kuku.

Hayo mawese, jamani! Kwetu mafuta ya mawese ni kila kitu. Tunapikia, tunapaka ngozi, tunamchua mtoto mwenye homa, na baba zetu wanalainisha hata bawaba ya mlango. Tantine alikuwa na imani nayo kama alivyokuwa na imani na Bikira Maria. Kila Jumamosi alitoka mwenyewe na chupa, akachovya unyoya, akanyunyizia kila kadena mdomoni, akalifungua na kulifunga, kaka kaka, akacheka kwa kuridhika. Na kweli siku ile na ya pili kadena zilifunguka vizuri. Tatizo lilikuja baadaye. Sisimizi walisikia harufu wakaja na ukoo mzima. Unga wa mihogo ulioruka bichi ukanata humo ndani. Halafu mvua ya asubuhi ikishusha baridi, mawese yanaganda, na funguo inazama kama kidole kwenye ugali, haigeuki huku wala kule. Wiki ya tatu nilisimama mbele ya lile kadena lenye kovu, ninazungusha funguo mpaka kiganja kinauma, machozi yananitoka, na boti ya kwenda chini, ile inayopita Yanonge, inapiga honi nyuma yangu. Likafunguka. Lakini niliona nyumbani kwetu siku ile, niliona kabisa, na mimi nimekaa mlangoni sina uzi wala sindano.

Alasiri hiyo nilishona mistari iliyopinda mpaka Mama Zaina akaniuliza kama nimepigwa. Feza, ambaye alikuwa rika langu na mdomo wake haukujua kufungwa, akaniburuta nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote. "Basi mwambie mawese ni mabaya," akasema. Nikamtazama. Yeye mwenyewe akajicheka, kwa kuwa alijua kama mimi: mtoto aliyepewa mkeka wa kulala hamwambii mwenye nyumba kwamba dawa yake haifai. Si kwetu. Ungekuwa umemvua nguo sokoni. Papa Salumu, baba yake Feza, alikuwa seremala, na tulipokuwa tunanong'ona yeye alikuwa anafungua sanduku lake la vyombo, ambalo lililala nje mvua na jua. Kadena lake dogo likafunguka kwa kidole kimoja. Feza akamwuliza analiwekea nini. Papa Salumu akatoa sikioni penseli yake ya seremala, ile bapa, nyekundu, ambayo alikuwa na tabia ya kuing'ata nyuma akipiga hesabu ya mbao. "Naparuza hii kreyo, unga yake naweka ndani," akasema. "Mafuta inaita uchafu. Unga ya kreyo inapita tu." Akarudi kwenye mbao zake, wala hakuuliza tunataka kujua kwa nini.

Tukaanza uhalifu wetu. Kila Jumamosi Tantine aliweka mawese, na kila Jumapili, akienda misa na baadaye mkutano wa bamama wa parokia, ambao ulikuwa na nyimbo nyingi na chai nyingi zaidi, sisi tuliyatoa. Feza hakuwa na misa ya kumshika. Tuliketi nyuma ya depo, tukayaosha kadena kwenye bakuli la mafuta ya taa, tukayapiga mgongoni mpaka sisimizi wa mwisho akatoka, tukayaanika juu ya bati lenye jua. Yakikauka, Feza anaparuza penseli ya papa yake kwa wembe, mimi napulizia ule unga ndani ya tundu kwa bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani. Tulijifunza mengine wenyewe. Nyigu walipenda kujenga kwa udongo ndani ya tundu la funguo, basi tuliomba vipande vya mpira wa ndani kwa vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, tukavikata vikawa kama ulimi wa kufunika tundu. Tukageuza kadena yaning'inie mdomo chini, maji yasikae. Na kila asubuhi nilifungua yote, hata ya mlango usio na kazi siku hiyo, maana kadena ambalo halijaguswa muda mrefu ndilo linalokuja kukuaibisha. Vidole vyangu vilikuwa vya kijivu kila Jumapili jioni. Tantine alipouliza, nilisema ni masizi ya sufuria, na alinipa sufuria zaidi za kusugua.

Lo, ule mwaka ulikuwa mtamu! Kadena zilifunguka kama mlango wa duka la peremende. Mimi nilishona blauzi yangu ya kwanza yenye mikono inayolingana. Barazani kwa Mama Zaina kulikuwa na chai ya tangawizi na mikate ya moto, ile ya duara ya kukaanga, na cherehani iliimba, na Papa Salumu alilalamika kwamba penseli zake zinakwisha haraka siku hizi, sijui ni mbao gani zinazikula. Feza alikohoa, mimi nikainama kwenye mshono. Na Tantine Albertine alitamba. Alitamba bichi nzima! "Mawese yangu!" aliwaambia bamama, mkono kiunoni. "Nani alisema mvua inashinda Albertine? Angalieni!" Akafungua kadena kwa kidole cha mwisho, kile kidogo, akiwatazama wao wala halitazami kadena. Bamama wakapiga makofi. Sisi wawili tukatazama mto.

Hatukufikiria mbele. Ujana hauna macho ya kisogoni. Mama Losambo wa Barumbu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mto bila pirogi, ndiye alikuwa wa kwanza kuomba chupa. Aliweka mawese kwenye kadena la sanduku lake la samaki. Mwenye depo ya jirani akaweka. Wenye pirogi, hiyo mitumbwi yetu, waliozifunga kwa minyororo kwenye vigingi vya bichi wakaweka. Tantine aligawa mawese na manyoya kwa moyo mkunjufu, na siku za kwanza kila mtu alimshukuru, kwa sababu mawese siku za kwanza hayana neno. Feza akaniambia, "Vero, tumekwisha." Nikamwambia labda mvua haitakuja. Kisangani! Nilisema hivyo Kisangani.

Mvua ikaja. Ilinyesha mfululizo mpaka mbuzi wakapanda juu ya meza za soko, na ilipoacha, asubuhi ilikuwa na baridi na ukungu mweupe, ukinyoosha mkono huoni kucha. Boti ya kwenda Isangi ilikuwa tayari inapiga honi. Nilifungua milango yetu, kaka, kaka, yote. Kisha nikasikia bichi nzima inalaani. Huku mtu anagonga kadena kwa jiwe, kule mwingine anavuta mnyororo wa pirogi kama anavuta mbuzi kwenda mnadani. Hakuna hata moja lililofunguka. Na kutoka kwenye ukungu akatokea Mama Losambo, kanga imefungwa kifuani kwa vita, amebeba sanduku lake zima la samaki kichwani kwa sababu kadena limekataa, na bamama wengine nyuma yake.

Alilitua sanduku mbele ya miguu ya Tantine. "Albertine! Angalia hii kadena! Inakunywa mawese yako kila samedi, leo imefunga mudomo. Yote ya bichi imefunga mudomo. Yako inafunguka! Alors, weye unaweka nini ingine? Ulituficha nini?" "Mi sikuficha kitu!" "Ulituficha! Boti inaenda, kapiteni hapokei sanduku asiyoona ndani, samaki yangu itaoza!" Bamama wakapaza sauti pamoja, uwongo, roho mbaya, Albertine anataka mizigo yote iwe yake. Niliwahi kuogopa mvua, niliwahi kuogopa nyoka, lakini sijawahi kuogopa kama pale. Nikisema kweli, ninamvua Tantine nguo mbele ya bichi nzima, na boti ya kunirudisha Yanonge iko pale pale, injini inawaka. Nikinyamaza, bamama wanakosa boti na yeye anabaki mwongo na mchoyo. Feza alinishika mkono. Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema, naapa, sijui tu ningesema nini.

Tantine akanitazama. Hakunitazama usoni, alitazama vidole vyangu, na ilikuwa Jumatatu, na masizi yale ya Jumapili hayakuwa yametoka. Akavitazama na vya Feza. Kisha akajifunga kitambaa chake upya, polepole, mbele ya watu wote wale wanaopiga kelele, akasema, "Mawese iko mawese. Mukono ndio haiko moja. Mimi mukono yangu nimewapa hawa batoto. Vero! Feza! Mufungulie bamama." Halafu akachukua mwamvuli wake, akashuka mpaka kwenye ule ubao mrefu wa kupandia boti, akasimama katikati yake na kutugeuzia mgongo. "Kapiteni!" tukamsikia. "Ukivuta hii ubao, unanivuta na mimi. Bamama bapande kwanza." Kapiteni akamtukana. Tantine akafungua mwamvuli, na hata mvua haikuwepo.

Tulikimbia. Sikuwahi kumwona Feza akikimbia vile na sijamwona tena. Bakuli, mafuta ya taa, wembe, penseli, yote tukayaleta mchana kweupe, mbele ya kila mtu isipokuwa Tantine Albertine aliyetugeuzia mgongo. Tuliyazamisha makadena yaliyo huru, yale ya milango na minyororo tukayamiminia hapo hapo yalipo, tukapiga, tukapuliza, tukazungusha. Mama Losambo alishika bakuli mwenyewe, akitupa amri na kuomba Mungu kwa zamu. Sanduku lake lilipofunguka alinibusu kipaji cha uso, na nilinuka samaki siku nzima. Minyororo ikaachia moja baada ya nyingine. Bamama walipanda boti wakicheka, wakimpita Tantine pale ubaoni, na kila mmoja akimwomba amwazime "mukono" wake kila Jumapili. Katika fujo ile penseli ya Papa Salumu ilipotea. Tuliitafuta kwenye matope, tukasema imechukuliwa na mto, na Feza alikaripiwa na baba yake kwa sababu yake.

Jioni tulikula lituma. Tantine aliponda ndizi mwenyewe kwenye kinu, nami namsikia bado, tu, tu, tu, anaponda kwa hasira au kwa furaha, sikuweza kujua. Samaki alikuwa wa moshi, mkubwa, kutoka kwenye lile sanduku. Nilisubiri. Nilikuwa nimekunja nguo zangu tayari. Akachukua kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile hakuna aliyekigusa isipokuwa yeye, akakiweka kwenye sahani yangu. "Boti imeenda bila weye," akasema. "Bon. Kula." Nilikula ninalia, na pilipili ikachukua lawama yote. Jumamosi iliyofuata alitoka na chupa yake na unyoya wake, kama kawaida.

Hapo ndipo mabishano yalipozaliwa. Feza alisema: alijua, aliviona vidole vyetu. Mimi nilisema: kama alijua, kwa nini aliendelea na mawese? Mtu gani anapoteza mafuta mazuri hivyo? Nilibaki Kisangani, nikashona, nikafungua duka langu mtaa wa Mangobo, nikaolewa. Feza naye akaolewa Kindu. Hakuna aliyebaki wa kuosha kadena zile Jumapili, na bado hazikukwama. Feza akanipigia simu: "Unaona?" Nikamwambia Tantine amenunua mapya. Sikuweza kuhakikisha, maana kwa uzee wake hakumruhusu mtu kugusa funguo zake. Nilimtembelea nyumbani kwake, tukakaa barazani, na nilipomdokeza habari za siku ile alisema tu, "Mawese, mutoto. Mawese iko dawa." Uso mkavu kabisa.

Basi baada ya matanga, sisi wawili na kijana mmoja mpwa wa marehemu tulikwenda bichi kufungua depo. Ilikuwa imefungwa tangu alipoanza kuugua, msimu mzima wa mvua, hakuna aliyeigusa. Kijana alibeba msumeno wa chuma begani. "Mamaa, hii haiwezi kufunguka," akasema, "iko nje siku zote hizi." Nikaangalia mlango wa mwisho. Kadena lilining'inia mdomo chini. Lilikuwa na ulimi wa mpira juu ya tundu, mpira mpya. Na lilikuwa na kovu la msumeno. Ni lile lile, jamani, lile lile! Nikainua ule mpira, nikaingiza funguo. Nikaigeuza kwa kidole cha mwisho, kile kidogo, kama alivyokuwa akiwatambia watu. Kaka.

Kidole changu kilikuwa cha kijivu.

Ndani, nyuma ya mlango, kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kuna uzi, na kwenye uzi kunaning'inia kipande cha penseli ya seremala, bapa, nyekundu, kimechongwa kwa kisu mpaka kimebaki urefu wa dole gumba. Upande wa nyuma kulikuwa na alama za meno. Feza aliyatambua meno ya baba yake kabla yangu, akakishika kile kipande kwa mikono miwili. Chini yake, kwenye rafu, ilikuwapo chupa nyingine ya mawese, imejaa mpaka shingoni, kizibo kimeshika kutu, na unyoya wa kuku uko juu yake, mweupe, haujawahi kuchovywa. "Aliiokota siku ile ile," Feza akasema. "Alisimama pale kwenye ubao, akatugeuzia mgongo, ili asituone. Vero, sisi tulizani tunamufunika yeye. Kumbe yeye ndiye alitufunika." Nilimwona pale ubaoni na mwamvuli wake usio na mvua, akinizuilia boti. Alikuwa anaizuia kwa ajili ya bamama, ndiyo, na kwa ajili yangu mimi pia.

Tulicheka mpaka mpwa akaweka msumeno chini na kurudi nyuma kidogo. Tulilia na kucheka, wanawake wawili wazee wamekaa sakafuni kwenye depo tupu inayonuka samaki, na watu wa bichi wakaja kuchungulia kuna nini. Kisha nikasimama, nikafunga mlango, nikageuza kadena mdomo chini, nikaushusha ule mpira mahali pake.

"Kijana," nikamwambia mpwa, "acha msumeno, nenda soko, uniletee ndizi. Nyingi. Na samaki wa moshi mkubwa."

"Za nini, Mamaa?"

"Nimeshindwa," nikasema, na sijawahi kushindwa kwa furaha namna ile. "Na kichwa cha samaki," nikamwambia Feza, "ni chako."